Namna ya Kutafiti Sura Halisi ya Manowari CSS Virginia

Hakuna picha ya kamera inayojulikana ya CSS Virginia, manowari iliyovikwa chuma ya Shirikisho la Kusini (majimbo yaliyojitenga katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani; CSS ni kifupi cha meli zake), iliyopigana Hampton Roads, pwani ya Virginia, tarehe 8 na 9 Machi 1862 na kulipuliwa na mabaharia wake wenyewe karibu na Craney Island tarehe 11 Mei mwaka huohuo. Anayetaka kuijua sura yake hana budi kuijenga upya kutokana na ushahidi, na ushahidi huo una daraja zake.

Kwanza chagua tarehe. Michoro mingi hukosea hapa, kwa kuwa chombo hiki hakikubaki na sura moja. Asubuhi ya tarehe 8 Machi kilikuwa na kichwa cha kugongea cha chuma cha kalibu chenye uzito wa ratili 1,500. Kufikia jioni kichwa hicho kilikuwa kimekatikia ubavuni mwa USS Cumberland, manowari ya adui, dohani imetobolewa kila upande, na mizinga miwili imevunjika midomo. Baadaye kiliingizwa chelezoni, kikapewa kichwa kipya, bamba za ziada na vifuniko vya chuma kwenye baadhi ya matundu ya mizinga. Kwa hiyo Virginia ya Machi siyo ya Mei, na kuzichanganya ni kuchora chombo ambacho hakijapata kuwepo.

Kisha anzia chini. Kiunzi kilikuwa cha Merrimack, manowari ya mvuke iliyoshushwa majini mwaka 1855 na kuteketea hadi usawa wa maji Aprili 1861, majeshi ya Muungano, yaani upande wa Kaskazini, yalipoiacha karakana ya manowari ya Gosport huko Virginia. Vipimo vya Merrimack, yenye urefu wa futi 275 hivi, ndivyo msingi wako.

Juu yake chunguza kipande kimoja tu cha ukuta wa ngome ya mizinga, ulioinama kwa nyuzi 36 hivi. Ndani kuna mbao za msonobari na mwaloni zenye unene wa karibu futi 2. Zinafuatwa na bamba za unene wa inchi 2 na upana wa inchi 8, zilizofuliwa katika kiwanda cha Tredegar mjini Richmond na kulazwa kwa urefu wa chombo; halafu tabaka la pili la unene uleule, likiwa limesimamishwa. Maana yake ni kwamba mtazamaji wa nje aliona viungo vikipanda kutoka ukingo wa chini hadi juu. Mchoraji aliyevichora vikiwa vimelala ameonyesha tabaka lililofichika.

Usawa wa maji nao unahitaji uangalifu. Ncha za omo na tezi zilikusudiwa kuzama, lakini makaa na risasi zilipopungua chombo kilipanda, kwa hiyo mstari wa maji nao ufuate saa uliyoichagua.

Maneno ya mashahidi yasome ukijua aliyesema alisimama wapi na alitaka nini. Mabaharia wa Muungano walioifananisha na paa la ghala linaloelea wanatupa umbo la mbali, wala hawatufai kwa kuhesabu parafujo. John L. Porter, mjenzi wa meli, na John M. Brooke, afisa wa jeshi la majini la Kusini, waligombea sifa ya kuibuni Virginia, basi pima madai yao kwa nyaraka za 1861 na 1862 kabla ya kumbukumbu za uzeeni. Michoro ya magazeti iwe ya mwisho, maana wachongaji wengi hawakuwahi kuiona manowari yenyewe.

Picha za kweli zipo za CSS Atlanta na CSS Tennessee baada ya kutekwa, nazo hufundisha jinsi chuma kilivyokaa, ila hizo ni meli nyingine. Jihadhari pia na picha inayojitokeza ghafla bila historia ya umiliki: picha iliyodaiwa kuwa ya CSS Georgia iliwashughulisha watafiti miaka mingi kabla ya mtengenezaji wake kukiri kwamba aliighushi.

Unapochora, kila mstari uandikie pembeni hati ulikoutoa. Mstari usio na hati uchore kwa nukta.