Nyumba ya krenki ya injini ndogo: matundu mawili yakutane

Injini ninayoizungumzia inakaa kiganjani: pistoni ya milimita 15, mwendo wa milimita 14, karibu sisi 2.5 (sentimita za ujazo), ya kuzungusha pangaboi la ndege ya mfano. Nyumba ya krenki, yaani mwili wa injini unaoshika krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), naichonga kwa kipande kimoja cha alumini, nyumbani kwangu Temeke, kwenye kerezo la mezani (mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikikata). Nikikosea vipimo vya nje, injini itawaka tu. Lakini tundu la krenki na tundu la silinda yasipokutana kwa nyuzi 90 kamili, kazi yote imepotea.

Alumini usichukue ya fremu za madirisha. Ni laini, inanata kwenye kisu na kuchubua uso. Pale mtaa wa Gerezani mimi huulizia nondo nene ya aloi ya alumini namba 6082 au 6061, inakatika vizuri. Ikate kwa msumeno, kisha isawazishe pande zote kwenye chaki (kishikio cha kerezo) ya taya nne, ukiweka vibati vya shaba ili taya zisiume.

Anza na tundu la krenki. Ukishafunga kipande, usikifungue hadi haya yote yaishe: toboa kwa keekee ya milimita 12, panua kwa kisu cha ndani hadi 13 kwa ajili ya bushi ya bronzi (bomba fupi ambamo krenki huzunguka), chimba chumba cha krenki cha milimita 23, kisha safisha uso wa nyuma. Yakikatwa kwa mfungo mmoja, yote yanakuwa na kitovu kimoja. Paka mafuta ya taa kwa brashi muda wote, la sivyo alumini itaganda kwenye ncha ya kisu na tundu litakwaruzika. Chumba usikipanue kuliko krenki inavyohitaji. Injini ya mipigo miwili hubana hewa humo, na nafasi ya ziada inaiibia nguvu.

Sasa tundu la silinda. Nyumba yangu ya kwanza niliipanga kwa kikweya (kipimo cha pembe mraba) peke yake. Injini ilizunguka kwa mkono, lakini kila mzunguko ilikaza mahali palepale. Nilipoitoa pistoni nikaona imeng'aa juu upande mmoja na chini upande wa pili: silinda ilikuwa imelala. Iliniuma, kwa sababu kila kitu kingine kilikuwa safi.

Tangu hapo nakereza kwanza fito ya chuma ya milimita 13, ndefu, inayoingia kwenye tundu la krenki bila kuchezacheza, ikatokeza pande zote mbili. Nafunga kipande kwenye sahani ya kerezo (bamba la duara linalozunguka), fito ikiwa imelala kukatiza. Kisha nachukua saa ya kupimia, ile yenye mshale, na kuipitisha mbele ya fito kwa sledi ya kukata uso, ile inayokwenda kukatiza kerezo. Mshale usisogee. Ukisogea, weka karatasi nyembamba chini ya kona inayohusika, kaza, pima tena. Baada ya hapo gusa mgongo wa fito upande mmoja, zungusha sahani nusu duara kwa mkono, gusa upande wa pili kwa umbali uleule. Vipimo vikilingana, mistari ya katikati inakutana. Kuna jioni nimetumia saa mbili kwa hatua hii, na sijutii hata dakika moja.

Toa fito kabla ya kuwasha. Funga uzito wa kusawazisha upande mwepesi wa sahani, vaa miwani, endesha taratibu, mizunguko 250 hivi kwa dakika. Panua hadi milimita 19, kipimo cha nje cha silinda, na usafishe uso wa juu kwa mfungo uleule.

Bushi huikereza kwa nje iwe nene kuliko tundu la krenki kwa milimita 0.02. Pasha nyumba kwenye oveni hadi nyuzi joto 150, ingiza bushi kwa haraka, acha ipoe, kisha pitisha ndani ya bushi rima (kifaa cha kusawazisha tundu) ya milimita 10. Krenki ikiingia, ipake mafuta mepesi na uizungushe kwa vidole viwili.