Unataka kujaribu nyama ya nyati kwa mara ya kwanza? Soma hii kabla hujawasha jiko

Watu wangu wa karibu wananiuliza sana hii kitu, na kinachoniuma ni kwamba wengi wakionja nyati mara moja tu wanasema ni ngumu kama soli ya kiatu afu hawarudii tena. Nyama haina shida jamani, shida wameipika kama ng'ombe. Nyati ni mnyama anatembea porini maisha yake yote, misuli imekaza na mafuta ni kidogo mno, kwaiyo ukimpeleka haraka haraka lazima akushinde.

Kwanza kabisa unainunua wapi. Hapa Tanzania tangu 2020 kuna kanuni za kuuza nyamapori, yaani kuna mabucha yana leseni kabisa, nenda huko, dai risiti na uitunze mpaka nyama iishe ndani. Usije ukanunua kwa mtu anakuletea usiku kwenye kiroba eti bei poa, nakuomba sana. Nyamapori bila kibali ni nyara ya serikali na kuna watu wamekula mvua 20 kwa vipande tu vya nyama. Halafu huyo wa kiroba hujui mnyama kamuua mwenyewe au kamwokota amekufa, na mnyama aliyekufa mwenyewe porini anaweza kuwa na ugonjwa wa kimeta, hapo hata uchemshe siku nzima usile. Ndugu zetu wa Kenya, kwenu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977 kwaiyo mtakayoipata kihalali ni ya kufugwa kama mbuni na mamba.

Kama wewe au mgeni wako ni Muislamu muulize muuzaji huyo mnyama alichinjwa au vipi, asikwambie ndio ndio tu, akueleze. Na ngiri ni jamii ya nguruwe, wengine hawajui hilo. Pia kuna koo zina miiko yake, mtu ukoo wao hawali mnyama fulani toka enzi za mababu, sasa usimpikie mtu afu umwambie ameshamaliza sahani, sio vizuri hata kidogo.

Haya twende jikoni. Anza na nusu kilo tu. Nyama ya nyati nzuri ina rangi ya damu ya mzee, ukiibonyeza inarudi, na harufu yake ni nzito kidogo ila sio ya kuoza. Kata vipande vidogo kuliko unavyokata vya ng'ombe, na ukate kukatiza nyuzi, usifuate nyuzi, hapa ndo wengi wanapoharibu. Menya papai bichi, kwaruza vijiko viwili hivi, changanya na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, paka nyama yote uiache saa moja na nusu. Papai usiliache usiku kucha maana nje nyama inakuwa kama uji na ndani bado ngumu, mi limenitokea hilo na nililia maana nyama yenyewe nilikuwa nimeitafuta wiki nzima. Chumvi subiri.

Bandika kwenye sufuria nzito, moto wa mkaa mdogo, maji yafunike nyama. Dakika kumi za mwanzo litapanda povu la kahawia, litoe lote na kijiko mpaka maji yatulie, ile harufu ya porini inayowashinda watu inapungua hapo. Funika, acha masaa matatu, ukiongeza maji ongeza ya moto. Mwenye presha kuka dakika 50 mpaka saa moja inatosha. Utajua imeiva ukichoma uma ukaingia bila kusukuma, kabla ya hapo usianze kuunga, hata kama watoto wanalia njaa, na mambo ya kula ikiwa bado nyekundu ndani kwa nyamapori sahau kabisa.

Kuunga sasa. Kwa vile nyama yenyewe haina mafuta lazima umpe ya kwako, kaanga vitunguu viwili kwenye mafuta ya kutosha mpaka viwe vya kahawia, nyanya, pilipili manga, chumvi, tia nyama ikauke kidogo ikamate rangi, ndo urudishe ile supu yake. Mi namalizia na karanga za kusaga vijiko vitatu, zinafanya mchuzi uwe mzito na zinatuliza ule ukali, ukipata tui pia sawa ila kwangu karanga ndo yenyewe.

Kula na ugali, wa dona ukiupata. Siku ya kwanza chukua vipande viwili vitatu tu na utafune taratibu, ni tamu ya ndani ndani hivi, haifanani na ng'ombe wa bandani. Ikibaki pasha kesho yake asubuhi, viungo vinakuwa vimeingia mpaka ndani na mimi naipenda hiyo ya kesho kuliko ya leo.