Kabla ya kwenda Misri kutazama mambo ya kale: ya kuzingatia wakati huu

Wengi wanaojiandaa kwenda Misri husoma habari za Firauni miezi mitatu, halafu habari za jana usiku hawazigusi. Mimi nasema zisomwe zote mbili kwa pamoja, kwa sababu ukifika kule hazitenganishiki. Tazama yaliyolikuta Jumba Kuu la Makumbusho pale Giza. Jiwe la msingi liliwekwa 2002, mapinduzi ya 2011 yakakwamisha ujenzi, Korona nayo ikaja. Hatimaye serikali ikatangaza kwamba sherehe ya ufunguzi ni tarehe 3 Julai 2025. Juni ya mwaka huohuo Israel na Iran zikaanza kurushiana makombora, na Misri ikaahirisha kila kitu. Jumba likafunguliwa rasmi tarehe 1 Novemba 2025, na watu wa kawaida wakaanza kuingia tarehe 4, siku ileile ambayo mwaka 1922 kikosi cha Howard Carter kilifukua ngazi ya kwanza ya kaburi la Tutankhamun. Kwa hiyo hazina ya mfalme aliyekufa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita ilicheleweshwa na vita ambavyo Misri yenyewe haikupigana.

Basi jambo la kwanza ni tarehe. Usiifunge safari nzima kwenye siku moja isiyosogezeka. Kata tiketi ya ndege inayoruhusu mabadiliko hata kama ni ghali kidogo, na angalia ndege inapita wapi. Tangu vita vya Sudan vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, sehemu kubwa ya anga ya nchi hiyo imekuwa imefungwa kwa ndege za kawaida za abiria, na ndege zitokazo Afrika Mashariki kwenda Cairo hulazimika kuzunguka. Wanaopendelea kuunganisha safari Ghuba wakumbuke kwamba tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa Iran iliposhambulia kambi ya Wamarekani ya Al Udeid, na abiria wakakwama viwanjani. Ukiunganisha safari Addis Ababa au ukienda moja kwa moja, unapunguza idadi ya nchi ambazo matatizo yake yanaweza kukuharibia ratiba. Soma pia masharti ya bima ya safari, hasa kipengele cha vita, kwa kuwa bima nyingi hazilipi hasara iliyotokana na vita.

La pili ni kujua kitu gani kiko wapi, maana vimehamishwa sana miaka ya karibuni na vitabu vya zamani vya watalii vitakupoteza. Anayekwenda jumba la Tahrir, yaani lile la zamani la makumbusho katikati ya Cairo, kutafuta barakoa ya dhahabu ya Tutankhamun hataiona, sasa iko Giza pamoja na vitu vyake zaidi ya 5,000, mara ya kwanza kuwekwa vyote mahali pamoja tangu vilipotolewa kaburini. Maiti za wafalme nazo hazipo Tahrir. Aprili 2021 wafalme 18 na malkia 4 walipitishwa mjini kwa gwaride hadi jumba la makumbusho la Fustat, hukohuko Cairo. Merikebu ya Khufu, iliyokuwa kando ya piramidi lake, ilisogezwa Agosti 2021 hadi Jumba Kuu. Hata hivyo usiipite Tahrir. Bamba la mawe la mfalme Narmer lingali pale, na hazina za mji wa kale wa Tanis, ikiwemo barakoa ya dhahabu ya mfalme Psusennes wa Kwanza, ambayo watu huipita haraka bila sababu.

Jumba la Giza lipe siku nzima, na tiketi yake inunuliwe mtandaoni mapema kwa siku na saa unayoitaka. Ukiingia utakutana na Ramses wa Pili amesimama ukumbini, jiwe moja la granaiti lenye urefu wa mita 11 na uzito wa tani 83. Sanamu hiyo ilisimama miaka mingi mbele ya stesheni kuu ya reli ya Cairo ikila moshi wa magari mpaka ilipoondolewa 2006. Ukifika kwenye barakoa ya Tutankhamun, tazama ndevu. Mwaka 2014 zilibanduka wakati wa kazi ndani ya jumba la Tahrir, zikabandikwa haraka kwa gundi ya epoksi, na wataalamu walilazimika kuzibandua tena polepole na kuzirudisha kwa nta ya nyuki. Simama pale kidogo uone jinsi ufundi wa mwaka 2015 ulivyojificha ndani ya ufundi wa kale.

La tatu ni ramani ya usalama, na hapa watu wanakosea pande zote mbili. Wapo wanaoona Gaza kwenye televisheni wakadhani Luxor inawaka moto, na wapo wanaodhani kwa kuwa Luxor ni shwari basi Misri nzima ni shwari. Cairo iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Rafah, mpakani na Gaza, na Luxor na Aswan ziko mbali zaidi, kusini kwenye bonde la Naili. Njia hiyo ya Cairo, Luxor na Aswan ndiyo ningemshauri mtu wa mara ya kwanza. Utaona vizuizi vya polisi, mashine za ukaguzi kwenye milango ya hoteli, na pengine askari ndani ya gari la kikundi chenu. Hayo yana historia. Tarehe 17 Novemba 1997 watu 62 waliuawa kwenye hekalu la malkia Hatshepsut, ng'ambo ya mto huko Luxor, na nchi haijasahau.

Kaskazini mwa Sinai, upande wa Al Arish na Rafah, si mahali pa mtalii. Ni eneo la jeshi, na tangu Mei 2024 Israel ilipoushika upande wa Wapalestina wa kivuko cha Rafah, hali pale hubadilika kufuata mazungumzo na mapigano. Jangwa la Magharibi nalo usiliingie bila kibali na dereva anayejua masharti. Septemba 2015 vikosi vya usalama vya Misri vilishambulia kwa makosa msafara wa watalii huko, wakafa watu 12, wakiwemo Wamexico 8. Ukiambiwa na mtu mtaani kwamba kibali si lazima, tafuta mtu mwingine.

Nataka kukaa kidogo kwenye Sinai ya kusini, kwa sababu vikundi vya makanisa kutoka Kenya, Uganda na Tanzania hupita huko wanapokwenda hija. Mara nyingi huanzia Cairo, wakavuka Mfereji wa Suezi kwenda monasteri ya Mtakatifu Katerina, wakapanda Mlima Sinai usiku, halafu wakaingia Israel kwa kivuko cha Taba. Kiongozi wa kikundi ahakikishe ratiba inaweza kuishia Sinai bila hasara kubwa, ikiwa kivuko kitafungwa au serikali ya nchi yenu itatoa onyo. Sharm el-Sheikh ina uwanja wa ndege, na ndiko viongozi wa dunia walikokutana tarehe 13 Oktoba 2025 kwa ajili ya usitishaji vita wa Gaza. Mnaweza kurudi Cairo kwa ndege kutoka hapo. Monasteri yenyewe ni ya Waorthodoksi wa Kigiriki. Hiyo, iliyojengwa karne ya 6 kwa amri ya mfalme Justinian na yenye msikiti mdogo wa zama za Wafatimi ndani ya kuta zake, imo kwenye mvutano. Mei 2025 mahakama ya Misri ilitoa hukumu kuhusu umiliki wa ardhi yake na Ugiriki ikalalamika. Ulizeni kabla kama iko wazi siku mtakayofika. Na wazee wabebe makoti ya maana, kwani kilele kina mita 2,285 na usiku wa Januari huko juu unaganda.

Kuhusu mdomo na kamera. Wamisri wana uchungu mkubwa na yanayotokea Gaza, na dereva wa teksi anaweza kukufungulia moyo wake mpaka mwisho wa safari. Msikilize kwa heshima. Lakini maandamano bila kibali ni kosa kwa sheria ya 2013, na Juni 2025 wageni wengi waliofika Cairo ili kuandamana kuelekea Rafah walikamatwa na kurudishwa kwao. Aliyekuja kwa mambo ya kale asijikute kwenye msafara huo kwa udadisi tu. Usipige picha askari, daraja lenye ulinzi, kambi, wala kivuko. Droni iache nyumbani, itachukuliwa uwanja wa ndege na maswali yatakuwa mengi. Ndani ya majumba ya makumbusho zima mwanga wa kamera.

Sasa naja kwenye jambo ninaloliona zito kuliko yote, nalo ni kununua. Ukingo wa magharibi wa Luxor, baada ya kutoka makaburini, kuna mtu atakusogelea. Atatazama kulia na kushoto, atafungua karatasi ya gazeti iliyokunjwakunjwa, na ndani mna kijisanamu cha rangi ya samawati, kina vumbi kwenye mikunjo ya mikono, kimevunjika miguu. Atanong'ona kwamba babu yake alikitoa shimoni. Karibu kila mara ni cha kuchonga, kimezikwa bustanini kikapata sura ya uzee. Kikiwa cha bandia umepoteza pesa. Kikiwa cha kweli umeingia kwenye uhalifu, kwa maana sheria namba 117 ya mwaka 1983 inafanya vitu vya kale kuwa mali ya umma na kukataza kuvitoa nchini, na marekebisho ya baadaye yameongeza adhabu. Aliyekuwa balozi wa heshima wa Italia huko Luxor alihukumiwa miaka 15 mwaka 2020 bila yeye kuwepo, baada ya kontena la mizigo ya kibalozi kukutwa Salerno likiwa na vitu zaidi ya 21,000, vingi vikiwa sarafu.

Uhusiano wa wizi huu na misukosuko ya kisiasa uko wazi. Usiku wa tarehe 28 Januari 2011, polisi walipotoweka mitaani, wezi waliingia jumba la Tahrir, na vijana wa Cairo wakashikana mikono nje kulilinda. Agosti 2013, siku za umwagaji damu, jumba la Mallawi mkoani Minya liliporwa karibu lote, ingawa vitu vingi vilirudi baadaye. Jeneza la dhahabu la kuhani Nedjemankh lilichimbwa kwa wizi wakati wa mapinduzi ya 2011, likapewa hati ya kughushi iliyodai lilitoka nchini kihalali mwaka 1971, na 2017 jumba la Metropolitan la New York likalinunua kwa takriban dola milioni 4. Lilirudi Misri 2019. Kama wataalamu wa New York walidanganywa kwa karatasi, wewe mwenye dakika tano kivulini huna namna ya kujua.

Na wizi hauhitaji vita. Septemba 2025 bangili ya dhahabu ya mfalme Amenemope, yenye umri wa miaka 3,000 hivi, ilitoweka kwenye maabara ya ukarabati ya jumba la Tahrir. Ilipita mikononi mwa wauzaji wa dhahabu na kuyeyushwa, na bei iliyolipwa haikufika pauni laki mbili za Misri, yaani chini ya dola 4,000. Inaniuma hadi leo. Kila anayenunua kitu kwenye karatasi ya gazeti anawafundisha watu kwamba soko lipo. Nunua alabasta iliyochongwa mbele ya macho yako, nunua kitambaa cha Akhmim, na risiti uiweke, kwa sababu forodha huweza kuuliza hata kuhusu nakala iliyochongwa vizuri mno.

Mambo ya pesa na karatasi hayana maelezo marefu. Maeneo mengi ya serikali hupokea kadi ya benki tu langoni, kwa hiyo hakikisha yako inafanya kazi nje ya nchi, na noti ndogondogo ziwe mfukoni kwa ajili ya bakshishi. Bei ya mgeni ni tofauti na ya mwenyeji na hupandishwa mara kwa mara, ila mwanafunzi mwenye kitambulisho cha kimataifa hupunguziwa. Viza iulizwe ubalozini, si kwa rafiki aliyekwenda zamani. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kikae pamoja na pasipoti.

Jiandae pia kwa mazungumzo ya maji. Ukisema umetoka nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria, utaulizwa kuhusu Naili. Misri hutegemea mto huu kwa zaidi ya asilimia 90 ya maji yake, na mkataba wa 1959 kati yake na Sudan uliipa mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka bila nchi za juu kushirikishwa. Tanganyika ya Nyerere ilikataa mapema kufungwa na mikataba ya wakoloni, na makubaliano ya nchi za bonde la Naili yaliyosainiwa Entebbe kuanzia 2010 yalianza kutumika Oktoba 2024, Misri ikiwa nje. Ethiopia nayo ilizindua bwawa lake kubwa tarehe 9 Septemba 2025. Ukijua hayo, pamoja na kwamba Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji limejengwa na kampuni za Kimisri, utaweza kuzungumza kama jirani, si kama mshtakiwa.

Aliyefika Aswan akiwa na nafasi aende Abu Simbel, mahekalu ya Ramses yaliyokatwa vipande na kupandishwa mita 65 juu kati ya 1964 na 1968 ili yasizamishwe na bwawa kubwa la Aswan. Ni karibu kilomita 280 kwa barabara, magari huondoka alfajiri, na ni upande wa mpaka wa Sudan, kwa hiyo uliza hoteli jioni ya siku iliyotangulia kama barabara iko wazi. Tarehe 22 Februari na 22 Oktoba jua la asubuhi huingia hadi chumba cha ndani kabisa na kumulika sanamu tatu kati ya nne za mle. Ukizitaka siku hizo, chumba kiwekwe miezi kadhaa kabla.