Somo: Vumbi la karieri, jeni ya TGFB1 na kovu la mapafu

Hapa Lubumbashi ni nani asiye na ndugu aliyevuta vumbi la karieri, yaani machimbo? Leo tulifuate vumbi hilo hadi linapozaa kovu. Shika kalamu uchore.

1. Chembe ya silika, madini yaliyo katika vumbi la mawe, inafika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Makrofeji, seli mlinzi inayomeza uchafu, inaimeza, inashindwa kuisaga, inaumia, inatoa protini za kuita msaada. Mojawapo ni TGF-β1.

2. Jeni yake, TGFB1, iko kwenye kromosomu ya 19. Kwenye promota, yaani sehemu inayoamua jeni inakiliwe au la, kuna mahali pa kukaa AP-1, jozi ya protini Jun na Fos inayowasha jeni. Ikikaa, RNA inanakiliwa kwa wingi.

3. Hapa ndipo wengi huteleza. RNA kuwa nyingi si protini kuanza kazi! Unatoka mnyororo wa asidi amino 390. Furini, kimeng'enya kinachokata protini, inaukata, lakini kipande cha mbele, LAP, hakiondoki: kinakumbatia zile 112 za mwisho kama ganda la hindi. Fungu hilo linakaa nje ya seli, limefungwa kwenye nyuzi za tishu, limelala. Integrini αvβ6, protini iliyo kwenye uso wa seli, ndiyo huvuta ganda. Vuta kamba iliyofungwa kwenye jani, halafu ile ya kwenye mwembe: ni hii ya pili inayokaza. Ndiyo maana tishu iliyokwisha kuwa ngumu hurahisisha kufunguka.

4. TGF-β1 ikifunguka inashika kipokezi chake kwenye uso wa seli. SMAD2 na SMAD3, protini za kupeleka ujumbe, zinapewa fosfeti, zinaungana na SMAD4, zinaingia kwenye kiini, jeni COL1A1 inawaka, kolajeni, protini ya nyuzi za kovu, inasukwa. SMAD7 ni breki.

5. TGF-β1 huwasha tena jeni yake yenyewe, kupitia AP-1 ileile. Rudi kwenye mchoro wako, chora mshale kutoka 4 hadi 2. Mtu anaacha karieri, silika inabaki, na mshale huo unazunguka.

Maswali

*Yaya, nimepima TGF-β1 kwenye seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda), watu wazima wa afya nao wako juu. Nimekosea wapi?*
Mdogo wangu, chembe sahani za damu zimejaa TGF-β1, na damu ikiganda zinaimwaga. Tumia plazima, yaani majimaji ya damu iliyozuiwa kuganda, uisentrifuji vizuri. Tena, kama hukutia asidi kwanza kisha kuisawazisha, vipimo vingi vya ELISA (kipimo cha protini kwa kutumia kingamwili) havioni ile iliyolala.

*Kwa nini madaktari wasiizime TGF-β1 kabisa?*
Panya waliozaliwa bila jeni hiyo walikufa wakiwa na wiki tatu hivi, viungo vimejaa uvimbe wa kinga kuvishambulia. Majaribio ya 1992 na 1993. Protini hiyohiyo ndiyo hutuliza kinga ya mwili.

*Mjomba anachimba, anakohoa, anasema maziwa yanasafisha mapafu.*
Maziwa yanaenda tumboni, ayanywe pamoja na bukari (ugali) lakini asiyahesabu kuwa dawa. Mpeleke apigwe picha ya kifua na apimwe kifua kikuu, maana silika hukifungulia mlango. Na jiwe walimwagie maji kabla ya kulitoboa.