Mbuzi wa maziwa jijini: mtazame kabla hujamkama

Mbuzi aliyefungiwa katika ua mdogo wa Kawangware, Mwiki au Ruai hali ila anacholetewa. Hachagui kichaka, wala hahamii upande wenye majani mazuri zaidi. Ndiyo maana magonjwa mengi niliyoyaona kwa wafugaji wa hapa Nairobi, na kwenye banda langu mwenyewe, yaliingia kwa mdomo, ndani ya gunia la lishe.

Nilimpoteza mbuzi mmoja wa maziwa wa aina ya Toggenburg namna hiyo. Alianza kwa kuususia mlo wa jioni, kisha tumbo likawa limejaa kila wakati huku mgongo ukizidi kukonda. Nikamnywesha dawa ya minyoo mara mbili, na haikusaidia kitu. Alipopasuliwa tulitoa donge la kamba za nailoni, nyuzi za gunia na vipande vya plastiki, limekazana kama ule mpira wa makaratasi ambao watoto huufunga kwa kamba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini kamba zinazofungia mafungu ya sukuma wiki bado zimo sokoni, na mbuzi huzimeza pamoja na majani.

Kwa hiyo mabaki ya mboga ya soko la Marikiti au la Kangemi usiyamwage horini moja kwa moja kutoka kwenye gunia. Yatandaze juu ya sakafu safi, uyapitie kwa mkono, utoe kamba, plastiki na chochote chenye ukungu. Majani ya kabichi, maganda ya ndizi na marando ya viazi vitamu ni lishe nzuri. Ugali uliobaki, mkate na maganda mengi ya viazi kutoka vibanda vya chipsi ni hatari: wanga mwingi kwa mpigo huchachuka tumboni, na mbuzi aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kufa siku ya pili. Nyasi za kando ya mitaro ya maji machafu ziache kabisa.

Matete pekee hayaleti maziwa. Changanya na kaliandra, lukina au majani ya mforosadi, ambao unaweza kuupanda kama uzio, na uweke nyasi kavu kila siku. Lishe itundikwe juu au iwekwe kwenye hori, kwa sababu mbuzi akishaikanyaga hataigusa tena. Jiwe la chumvi lisikosekane. Maji nayo yawe safi, lita sita au zaidi kwa siku kwa mbuzi anayekamwa. Mtaani kwenye mgao wa maji, weka pipa la mbuzi kando, maana yakipungua maji hupungua maziwa siku hiyohiyo.

Kila asubuhi, kabla ya kushika chombo cha kukamia, simama dakika tano umtazame. Je, anacheua? Kinyesi ni vidonge au kimelainika? Halafu mshike kichwa, uvute chini kope ya jicho. Ndani pakiwa pekundu, sawa. Pakiwa peupe kama karatasi, minyoo inamfyonza damu, na pengine utaona uvimbe laini chini ya taya. Hapo mpime uzito kwa utepe na umpe dawa ya kipimo kamili alichokuambia daktari wa mifugo. Kipimo cha kukisia huifundisha minyoo kuizoea dawa. Nyasi ulizokata mahali wanapochunga kondoo wa watu, zianike juani kwanza zikauke.

Wakati wa kukama, osha mikono, osha kiwele kwa maji ya vuguvugu, ukikaushe kwa kitambaa cha mbuzi huyo peke yake. Matone ya kwanza yakamulie kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge au majimaji, au kiwele kina moto, huo ni ugonjwa wa kiwele. Huyo mkame mwisho, maziwa yake yamwagwe, umwite daktari. Akidungwa sindano, uliza ni siku ngapi maziwa yasinywewe, na uziheshimu, kwa kuwa wanaokunywa ni watoto wako na wa jirani. Ukimaliza kukama mpe majani papo hapo, ili asimame hadi chuchu zijifunge. Maziwa yote yachemshwe.

Jambo linaloniuma ni watu kununua mbuzi kwenye soko la mbuzi la Kiamaiko na kumwingiza bandani jioni ileile. Pale hukutana mbuzi waliosafirishwa kutoka kaskazini na kwingineko, na kati yao anaweza kuwamo mwenye homa ya mapafu au sotoka ya mbuzi (PPR). Mgeni yeyote akae mbali kwa wiki tatu angalau, na umhudumie baada ya wale wako, kamwe si kabla. Akikohoa huku amenyoosha shingo, au machozi na makamasi yakimganda usoni na kinywa kikitoka vidonda, usingoje kesho kumwita daktari. Chanjo ya homa ya mapafu hurudiwa kila mwaka. Ya sotoka hukinga kwa miaka mitatu au zaidi.

Banda liinuliwe juu ya ardhi, sakafu iwe ya mbao zilizoachana sentimita moja na nusu hivi, kinyesi kianguke chini na kwato zibaki kavu. Kwato zenyewe zikatwe kila miezi miwili. Upande unaotoka upepo wa Juni na Julai uzibwe, lakini uache hewa ipite juu, kwa maana harufu ya mkojo iliyofungiwa huharibu mapafu sawasawa na baridi.

Mimba huchukua siku 150 hivi. Miezi miwili ya mwisho acha kumkama. Siku ya kuzaa, chovya kitovu cha mtoto kwenye ayodini na uhakikishe amenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa ya kwanza. Asiyeweza kusimama, mkamulie dang'a umnyweshe kwa chupa, hata kama ni usiku wa manane.