Kufufua chuma cha vitumbua kilichoshika kutu

Chuma cha vitumbua kilichokaa stoo masika mawili bado kina kazi, hata kama vishimo vyake vyote vimegeuka rangi ya udongo mwekundu. Kabla ya kukihangaikia, kigonge kwa kijiko: kikilia kama kengele ni kizima, lakini kikitoa sauti butu huenda kina ufa, na ufa hautibiki jikoni. Ulizia pia kilikotoka, kwani chuma kilichowahi kutumiwa kuyeyushia madini ya risasi ya kutengenezea chubwi, yaani vizito vya mishipi ya kuvulia, hakifai tena kwa chakula, hata kikisuguliwa namna gani.

Changanya siki na maji kwa vipimo sawa, kizamishe humo, na ukikague kila baada ya nusu saa. Siki ikishamaliza kutu huanza kula chuma chenyewe, kwa hiyo usikilaze humo usiku kucha. Kutu ikilegea, sugua kwa waya wa kusugulia sufuria, ukiuzungusha kwa kidole gumba ndani ya kila kishimo mpaka kutu yote itoke. Kioshe kwa sabuni, kifute, na ukibandike jikoni papo hapo, kwa sababu chuma kitupu chenye unyevu hushika kutu mpya baada ya dakika chache. Kikiwa cha moto usikimwagie maji baridi, kinaweza kupasuka.

Kazi inayowashinda wengi ni kukizoesha mafuta. Yanayofaa ni mafuta yanayogeuka utando mgumu yakipata moto, kama ya alizeti. Ya nazi, ambayo sisi wa Pwani huyakimbilia kwanza, hayagandi vizuri kwenye chuma. Yapake chuma kikiwa na uvuguvugu, kisha yafute yote kana kwamba uliyapaka kwa makosa, maana kile kidogo kisichoonekana kwa macho ndicho kinachotakiwa. Kiweke juu ya mkaa wa wastani hadi kitoe moshi na moshi wenyewe ukome, kiache kipoe chenyewe, na urudie mara tatu au nne. Kikinata mkononi, ujue mafuta yalizidi. Kirudishe motoni kwa muda mrefu zaidi.

Vitumbua vya mkupuo wa kwanza vitang'ang'ania kidogo. Vibandue kwa kijiti, na ukimaliza kifute chuma kwa kitambaa chenye mafuta kingali na joto, bila kukigusa kwa waya.