Katheta ya vena ya kitovu: kuingiza ni rahisi, kazi ipo kwenye ncha

Huu ni mrija mwembamba unaoingizwa kwenye vena, yaani mshipa wa damu, ya kitovu cha mtoto mchanga ili apewe dawa na majimaji. Kagua tumbo lake kwanza. Ukiona kitovu kina usaha, matumbo yako nje, au unashuku utumbo umeoza, tafuta njia nyingine. Kama bado unajifunza, asimame pembeni yako mtu aliyezoea.

1. Piga hesabu ya kina cha kuingiza katheta kabla ya kuvaa glovu. Uzito kwa kilo zidisha kwa 3, ongeza 9, gawanya kwa 2, kisha ongeza 1. Mtoto wa kilo 2 anapata sentimita 8.5. Jumlisha na urefu wa kisiki cha kitovu. Katheta namba 3.5 (namba ya unene) huwatosha walio chini ya kilo 1.5, wakubwa zaidi, namba 5.

2. Nawa, vaa kofia, barakoa, gauni na glovu tasa. Jaza katheta maji ya chumvi hadi hewa yote itoke, funga koki. Safisha kitovu, lakini dawa isitiririke mgongoni: ngozi ya mtoto njiti huungua, na hutajua mpaka umgeuze.

3. Zungusha uzi kwenye shina la kitovu bila kukaza. Utaukaza damu ikitoka. Kata sentimita 1 hadi 2 juu ya ngozi, mkato mmoja ulionyooka. Sasa tulia utazame. Ateri mbili ni ndogo, nyeupe, ngumu, zimechomoza kama vidoti. Vena ni moja, pana, ukuta wake mwembamba, mdomo umelegea, mara nyingi upande wa kichwani. Donge la damu litoe kwa koleo.

4. Vuta kisiki taratibu kuelekea miguuni, ingiza katheta kuelekea kichwani. Ikigoma usilazimishe. Rudisha kidogo, izungushe, jaribu tena.

5. Damu ikirudi, usishangilie. Mimi nilishangilia mara moja. Eksirei ikanionyesha ncha imejikunja ndani ya ini, na huko pia damu hurudi vizuri tu. Dawa kali au glukosi nzito ikimwagwa pale, ini huungua. Ncha inatakiwa juu kidogo ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), usawa wa pingili ya 8 au ya 9 ya uti wa mgongo kifuani. Ikiwa imeingia moyoni, ivute nyuma: moyo unaweza kupoteza mpigo wake, au majimaji yakavujia kwenye mfuko wake na kuubana. Ikiwa fupi, usiisukume ndani; sehemu iliyokaa nje si tasa tena.

6. Ishone, ibandike, andika sentimita zinazosomeka kwenye ngozi. Anayepokea zamu asome namba hiyo kwa macho yake, asinakili ya jana.